Uliza Fundi: Pakeji nne zinagombania folda moja ya cv2

Wasomaji wangu, mwezi huu barua karibu zote zimeangukia sehemu moja, OpenCV, ile laibrari ya kuifanya kompyuta ione picha na video, Intel waliianza mwaka 1999 na mpaka leo ukimwambia mtu projekti yangu inatumia kamera anakuuliza tu umeweka vesheni gani. Wengi wenu mmekwama palepale mlangoni, kwenye kuinstoli, hata picha moja hamjaifungua. Nimechagua barua chache, zinazofanana nimeziunganisha, na ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu ukiielewa hiyo, nusu ya zinazofuata utazijibu mwenyewe.

Shikamoo Fundi. Niko mwaka wa mwisho chuo, projekti yangu ni kusoma namba za magari getini, natumia ultralytics kutafuta kibao cha namba alafu easyocr kusoma herufi. Kabla sijaweka easyocr kamera ilikuwa inafunguka freshi tu kwenye dirisha, nilivyoiweka cv2.imshow ikaanza kugoma, inaniambia hiyo kazi haipo nijenge upya laibrari na GTK sijui na Cocoa. Jamaa yangu akasema toa opencv-python-headless, nimetoa, sasa ndo mbaya zaidi, import cv2 inakubali ila inasema cv2 haina imread! Haina kivipi wakati ndo kazi yake? Natetea projekti hivi karibuni, nisaidie.
*Mwaka wa mwisho, Dodoma*

Marahaba mdogo wangu. Tulia kwanza, hakuna kilichokufa hapo na wala usifomati laptopu kama walivyokushauri huko kwenye grupu, maana najua kuna mtu keshakushauri.

OpenCV ya Python ukiitafuta kwa pip, ile programu ya kushusha na kuinstoli pakeji za Python, utakuta haiko moja, ziko nne. Kuna opencv-python, ya kawaida, yenye uwezo wa kufungua madirisha. Kuna opencv-contrib-python, ambayo ni hiyohiyo ikaongezewa moduli za ziada. Halafu kila moja ina pacha wake mwenye mkia wa -headless, huyo kaondolewa mambo yote ya madirisha kwa ajili ya seva zisizo na skrini. Unachagua moja. Moja tu, na wanaozitengeneza wameliandika hilo waziwazi kwenye ukurasa wao, ila nani anasoma ukurasa wakati ana haraka.

Sasa shida inatoka hapa: pip inazijua kwa jina la pakeji, Python inazijua kwa jina la folda, na zote nne zinashuka kwenye folda moja, cv2, ndani ya site-packages, ghala ambamo Python inaweka pakeji zake. Kwa macho ya pip hizo ni pakeji nne zisizo na undugu wowote, kwa hiyo haikatazi, haionyi, inamimina faili juu ya faili mpaka imalize na inakwambia imefanikiwa. Ni kama kiwanja kimoja kilichotolewa hati nne, kila mwenye hati anakuja na mafundi wake anajenga juu ya msingi wa mwenzake, na ukienda ofisini makaratasi yote yako safi.

Kwako ilikuwa hivi. Ultralytics inadai opencv-python, pip ikakuletea, kamera ikafunguka. Easyocr yenyewe inadai opencv-python-headless, pip ikaleta na hiyo, ikafunika faili za mwanzo, na hiyo iliyofunika haina madirisha ndo maana imshow ikalia. Mpaka hapo ungeweza kupona kirahisi. Jamaa yako akakwambia toa headless, na ushauri wake ni nusu sahihi, tatizo ni kwamba pip ikitoa pakeji inafuata orodha ya faili ambayo pakeji yenyewe iliandika siku inaingia, na kwenye orodha ya headless kuna cv2/__init__.py na ile faili kubwa yenye OpenCV yenyewe, majina yaleyale kabisa ya opencv-python. Zimefutwa zote. Kimebaki kifolda cha cv2 chenye makombo ndani, na Python ikikuta folda lisilo na __init__.py haikatai kuliimpoti, inalichukua kama moduli tupu. Ndo maana import inakubali halafu imread hamna. Na ukiandika pip list bado utaona opencv-python iko hapo imekaa kama bibi harusi, kwa sababu hati yake haijaguswa, nyumba ndo imebomolewa.

Dawa ni kutoa zote nne, hata ambazo unaamini hujawahi kuziweka, kisha kurudisha moja:

`python -m pip uninstall -y opencv-python opencv-contrib-python opencv-python-headless opencv-contrib-python-headless`

Ukimaliza nenda kwa macho yako kwenye site-packages uangalie kama folda ya cv2 imeondoka, kama bado ipo ifute kwa mkono. Halafu:

`python -m pip install opencv-contrib-python`

Kwa nini contrib na siyo ya kawaida? Kwa sababu contrib ina kila kilichoko kwenye ya kawaida na zaidi, ina madirisha, na ikitokea kesho ukaongeza mediapipe, yenyewe inadai hiyohiyo contrib, kwa hiyo unakuwa umeshamaliza ugomvi mapema. Kwa laptopu yenye skrini huo ndio msimamo wangu.

Sasa sikiliza, ukiandika `pip check` baada ya hapo italalamika kwamba ultralytics inataka opencv-python na haipo, easyocr inataka headless na haipo. Waache walalamike. Zenyewe zikianza kazi zinaandika tu import cv2, hazina habari folda imeletwa na nani. Kitu cha kuogopa ni siku utakapoapdeti ultralytics au easyocr, pip itaona "hee, kuna kitu kinakosekana" na itakuletea tena zile mbili kimyakimya na ugonjwa unarudi. Kwa hiyo ziweke zile amri mbili kwenye faili ndogo ya skripti, kila ukiapdeti unaikimbiza mwisho. Kuna watakaokwambia tumia `--no-deps` wakati wa kuinstoli easyocr, inawezekana, ila hapo unajitwisha kazi ya kuwinda mwenyewe vyote vingine inavyovihitaji kimoja baada ya kingine, na mtu anayekaribia kutetea projekti sidhani kama ana huo muda.

Kuhakikisha, andika hii:

`python -c "import cv2; print(cv2.__version__, cv2.__file__)"`

Ikikupa vesheni na njia ya faili, upo salama, ikikupa None kwenye njia ya faili au ikalia kwamba hakuna __version__, folda bado ni tupu. Halafu chapisha `cv2.getBuildInformation()` ushuke mpaka mstari wa GUI, kwenye Windows utaona WIN32UI, Linux QT5, Mac COCOA, na ukiona NONE ujue headless ndiyo inayotawala. Huo mstari mmoja unamaliza ubishi wote wa kwenye magrupu.

Fundi habari za huko. Mimi nafanya programu ya kutambua alama za mikono na mediapipe. Kila nikiinstoli napata maandishi mekundu mengi sana eti numpy haipatani, nikishusha numpy opencv inalia, nikipandisha mediapipe inalia. Saa zingine inaandika numpy.core.multiarray failed to import. Mbona mwaka juzi hii kitu ilikuwa yafanya kazi vizuri tu?
*Mpenda kamera, Mombasa*

Salama kabisa. Mwaka juzi ilifanya kazi kwa sababu dunia ya numpy, laibrari ya kushika namba nyingi kwa pamoja kwenye Python, ilikuwa haijagawanyika. Tarehe 16 Juni 2024 ilitoka NumPy 2.0, vesheni kubwa ya kwanza tangu ile ya 1.0 ya mwaka 2006, na kwenye kuhama huko walibadilisha mpangilio wa ndani kabisa, ule ambao laibrari zilizoandikwa kwa C na C++ zinaushika moja kwa moja. OpenCV picha zake zote kwenye Python ni numpy tu, kwa hiyo OpenCV iliyojengwa enzi za numpy 1 ukiipa numpy 2 inaanguka palepale kwenye import, na hilo ndilo tangazo lako la multiarray.

Ramani yake ni hivi. OpenCV za 4.9 kushuka chini zinataka numpy iliyo chini ya 2. Kuanzia 4.10.0.84 zinakubali numpy 2, na 4.11.0.86 bado inakubali kote kote, ya zamani na mpya. Halafu ikaja 4.12.0.88 ambayo yenyewe inadai numpy ianzie 2 na iwe chini ya 2.3. Upande wa pili mediapipe, kwa vesheni kama 0.10.21, inadai numpy iwe chini ya 2. Umeona sasa mwiba uko wapi? Mediapipe inaita contrib bila kusema vesheni gani, pip ukiiendesha vibaya inakuletea mpya kabisa, na hao wawili hawawezi kukaa na numpy moja hata ufanyeje. Kupandisha na kushusha numpy kama unavyofanya ni kuhamisha maumivu tu.

Unachotakiwa kushusha ni OpenCV. Tengeneza mazingira mapya ya venv, yaani chumba cha pakeji kilichotengwa na projekti zako nyingine, kwa Python 3.11, maana numpy 1.26 inaishia Python 3.12 na ukiwa na 3.13 utaanza safari nyingine ndefu ya kujenga vitu kutoka mwanzo, kisha weka vyote kwa amri moja:

`python -m pip install "mediapipe==0.10.21" "opencv-contrib-python==4.11.0.86" "numpy==1.26.4"`

Nimesisitiza amri moja na nina sababu. Tangu pip 20.3 ya Novemba 2020 inao uwezo wa kupatanisha madai ya pakeji, lakini inapatanisha yale uliyoyaomba kwenye amri hiyohiyo, ukija kesho ukasema `pip install -U numpy` peke yake itaileta hiyo numpy mpya bila kuwauliza waliokuwepo, na baada ya kumaliza ndo inakuandikia yale mekundu kwamba fulani na fulani hawakubaliani. Watu wengi wanadhani yale mekundu maana yake kuinstoli kumeshindikana. Hapana, kumeshafanyika, unapewa taarifa ya msiba. Kwa hiyo ukiona mekundu usiendelee na safari, soma jina la pakeji na namba iliyotajwa, jibu liko kwenye sentensi yenyewe.

Na hizo alama za nukuu usizitoe. Ukiandika `pip install numpy<2` bila nukuu kwenye terminali ya Linux au Mac, ile alama ya chini-ya inachukuliwa kama amri ya kusoma faili linaloitwa 2, utaambiwa faili halipo na utaanza kuilaumu pip. Ukiandika `numpy>=2` bila nukuu ndo kituko kabisa, inainstoli numpy yoyote ile na inakuachia faili jipya linaloitwa =2 kwenye folda yako. Nimeyaona mafaili ya =2 kwenye projekti za watu wazima wenye heshima zao.

Mwalimu katupa notisi za kutumia SIFT, zinasema lazima tuweke opencv-contrib-python==3.4.2.16. Pip inasema hakuna kitu kama hicho. Darasa zima limekwama. Je tushushe Python?
*Darasa lililokwama, Morogoro*

Msishushe kitu. Notisi za mwalimu zilikuwa sahihi siku zilipoandikwa. SIFT, ile njia ya kutafuta alama kwenye picha ya David Lowe, ilikuwa na hataza ya Chuo Kikuu cha British Columbia cha Kanada, kwa hiyo watu wa OpenCV wakaacha kuijenga ndani ya pakeji za kawaida, na hiyo 3.4.2.16 ikawa maarufu kwa sababu ndiyo watu waliyokuwa wanaipata kirahisi ikiwa bado nayo, utaikuta kwenye maelfu ya mafunzo. Faili zake zinaishia Python 3.7, ndo maana pip yenu inaona patupu. Hataza ikaisha Machi 2020, na kwenye OpenCV 4.4.0 ya Julai mwaka huohuo SIFT ikarudishwa ndani ya laibrari kuu. Leo hata opencv-python ya kawaida inayo. Kwenye programu zenu mkikuta `cv2.xfeatures2d.SIFT_create()` andikeni `cv2.SIFT_create()`, basi, hayo ndo mabadiliko. Ila kama kuna zoezi la SURF mwambieni mwalimu aliondoe au mtumie ORB, njia nyingine ya kazi hiyohiyo, kwa sababu SURF mpaka sasa haimo kwenye hizi pakeji za pip.

Mumpelekee kwa adabu lakini, msije mkasema Fundi kasema notisi zako zimechacha.

Fundi nimepandisha programu yangu kwenye seva, nimetumia Docker na python:3.11-slim. Kwenye laptopu inafanya kazi, kule inaniambia libGL.so.1 haionekani. Nimeambiwa niweke libgl1-mesa-glx nayo eti haipo.
*Kijana wa seva, Nairobi*

Poa. Seva haina skrini, haina kadi ya kuchora madirisha, na wewe umeipelekea opencv-python yenye madirisha, hiyo ikiamka tu inatafuta libGL na kwenye slim hamna. Hapa ndo mahali pake headless. Ile niliyomwambia mwenzako wa Dodoma aitupe, wewe ikumbatie: kwenye requirements.txt badilisha opencv-python iwe opencv-python-headless, hakikisha programu haina imshow wala waitKey popote, jenga upya.

Kama kuna pakeji nyingine inakulazimishia opencv-python, fanya ule mtindo wa kutoa zote nne na kurudisha moja, safari hii unarudisha headless, na uuweke kama mstari wa mwisho wa RUN baada ya requirements. Hiyo libgl1-mesa-glx uliyoambiwa ni jina la zamani, kwenye Ubuntu 24.04 na Debian 13 limeshaondolewa, siku hizi inaitwa libgl1 tu, na mara nyingi ukishaiweka hiyo inafuata libgthread nayo haipo unaongeza libglib2.0-0. Inafanya kazi, ila unajaza seva vitu vya kuchorea madirisha ambayo hakuna mtu atakayeyaona.

Nina Raspberry Pi nataka kuhesabu kuku wanaoingia bandani jioni. Pip inakataa kabisa, externally-managed-environment. Nikitumia --break-system-packages inakubali lakini kamera sasa haifanyi kazi, inasema numpy.dtype size changed.
*Mfugaji, Iringa*

Hii barua imenifurahisha, kuku kwanza. Hiyo bendera jina lake lenyewe limekwambia inavunja pakeji za mfumo, ukaibonyeza, ikavunja. Sikucheki lakini, kila video ya mafunzo siku hizi inaitaja kama chumvi.

Raspberry Pi OS ya Bookworm, iliyotoka Oktoba 2023, ilifuata utaratibu wa Debian 12 wa kukataza pip kugusa Python ya mfumo, kwa sababu mfumo wenyewe unaitegemea na apt, kiinstola cha mfumo, ndiye msimamizi wake. Wewe ulipolazimisha, pip ikaleta OpenCV pamoja na numpy mpya, ikakaa mbele ya numpy ya apt. Picamera2, inayoendesha kamera yako, ililetwa na apt na vipande vyake vimejengwa kwa numpy ya apt, ikikutana na hiyo mpya vipimo vya ndani havilingani, na ujumbe wa dtype ndo unasema hivyohivyo kwa lugha ya mafundi.

Toa ulichokiweka kwa pip, opencv zote na numpy, tumia pip uninstall na bendera ileile kwa mara ya mwisho maishani mwako. Kisha:

`sudo apt install python3-opencv python3-picamera2`

Hizo zimejengwa pamoja na numpy moja, hazigombani. Vesheni itakuwa ya nyuma kidogo na kwa kuhesabu kuku haina madhara yoyote. Ukihitaji pakeji nyingine ambayo apt haina, tengeneza venv kwa `python3 -m venv --system-site-packages kuku`, hapo ndani unaiona OpenCV na kamera ya mfumo, na unachoongeza kwa pip kinabaki humohumo. Ukiongeza kitu kinachotaka numpy kiongezee `"numpy<2"` kwenye amri hiyohiyo, la sivyo tatizo lako litazaliwa upya ndani ya venv. Na utuandikie hao kuku wanahesabika vipi wakiingia kwa kusukumana, maana hapo OpenCV yenyewe ina kazi.

Natengeneza programu yenye madirisha ya PyQt5 inayoonyesha video. Kwenye Linux inazimika, inaandika Qt platform plugin xcb, inaitaja folda ya cv2/qt/plugins. Nimeinstoli PyQt5 mara nyingi.
*Bila jina, Kampala*

Umeitibu PyQt5 wakati mgonjwa siye. Angalia hiyo njia uliyoinakili mwenyewe: cv2/qt/plugins. Opencv-python ya Linux inakuja na Qt yake ndani, na ikishaimpotiwa inaelekeza programu nzima ichukue plagini kutoka kwake, PyQt5 inafika inapewa plagini za Qt ambayo siyo yake, inakufa. Kwa kuwa madirisha unayachora kwa PyQt5 huhitaji imshow hata kidogo, kwa hiyo toa zote nne weka opencv-python-headless, imekwisha. Picha unaihamisha kutoka numpy kwenda QImage, na usisahau OpenCV inapanga rangi bluu-kijani-nyekundu, ukisahau kugeuza watu wote watakuwa na sura za bluu.

Mbona "pip install cv2" haikubali, na "pip install opencv-python" inakaa kwenye Building wheel mpaka nalala?
*Waliouliza hili ni wengi, nimewaweka pamoja*

Cv2 ni jina la folda, siyo la pakeji, tumerudi palepale. Kwenye pip andika opencv-python, kwenye programu import cv2.

Hiyo ya kukaa mpaka unalala, maana yake pip haikupata faili lililokwishajengwa linalofaa kompyuta yako, ikaamua kuijenga OpenCV nzima kutoka kwenye C++, na kwenye laptopu ya kawaida hiyo ni kazi ya masaa na mara nyingi inaishia kwenye erori. Sababu kubwa ni pip ya kizamani, zile za chini ya 19.3 hazitambui aina ya mafaili yanayotumika sasa kwa Linux. Ikatize, andika `python -m pip install --upgrade pip`, jaribu tena. Ukiongeza `--only-binary=:all:` pip inakatazwa kabisa kujenga chochote, kama faili halipo inakwambia papohapo badala ya kukuunguzia prosesa usiku kucha.

Na kama import inalia kwamba cv2 imeanza nusunusu, partially initialized, angalia jina la faili lako mwenyewe. Umeliita cv2.py. Libadilishe jina.

Fundi, haya yote ya kutoa na kurudisha yanakula bando. Kila nikianza upya ultralytics inashusha magigabaiti. Kuna njia?
*Mwenye bando la wiki, Mwanza*

Ipo. Kwanza jua kinachokula siyo OpenCV, yenyewe ni makumi tu ya megabaiti. Ni torch, laibrari ya kufundishia mashine ambayo ultralytics inaidai, na kwenye Linux torch ya kawaida inakuja na mzigo mzima wa CUDA wa kadi za NVIDIA hata kama laptopu yako hiyo kadi haijawahi kuiona. Kabla ya ultralytics, weka torch ya CPU peke yake:

`python -m pip install torch torchvision --index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu`

Ultralytics ikifika inakuta torch ipo inapita.

Pili, pip ina kashe yake, ukitoa pakeji na kuirudisha vesheni ileile mara nyingi inaichukua kwenye diski bila kugusa intaneti, kwa hiyo acha kukimbiza `pip cache purge` kila ukiona erori, hiyo amri inakurudisha dukani kununua bando.

Tatu, kama mko wengi, mmoja ashushe kwa ajili ya wote kwenye Wi-Fi ya chuo au kazini: `python -m pip download -d mzigo -r requirements.txt`. Folda ya mzigo itajaa mafaili ya .whl, yawekeni kwenye flashi, na kila mmoja kwenye mashine yake aandike `python -m pip install --no-index --find-links mzigo -r requirements.txt`. Sharti ni mfumo uleule na Python ya vesheni ileile, mzigo wa Windows hauingii Linux na wa 3.11 msilazimishe kwenye 3.12. Ndani ya requirements hiyo andikeni vesheni kamili za kila kitu, siyo majina matupu, la sivyo mzigo wa leo na mzigo wa mwezi ujao vitakuwa vitu viwili tofauti. Na zile opencv, ikishuka zaidi ya moja kwenye folda ya mzigo msishangae, ni madai ya pakeji zenu, mkimaliza kuinstoli mnatoa zote mnarudisha moja kutoka kwenye flashi ileile, bando halitaguswa.

Barua za CUDA za wale wanaouliza kwa nini `cv2.cuda.getCudaEnabledDeviceCount()` inarudisha sifuri nimeziona. Pakeji zote nne za pip ni za CPU, hakuna ya kuchagua hapo, itabidi ujenge mwenyewe kutoka kwenye C++, na hiyo ina ukurasa wake toleo lijalo, nileteeni kabisa aina ya kadi na vesheni ya dereva.